Vocabulaire: neno la kuita, na wale walioitwa



Leo ninachukua neno moja tu: vocabulaire. Wenzetu wa Zambia na wa Kenya, wenye kusoma katika Kiingereza, wanasema vocabulary. Ni neno lile lile, tofauti ni mukia tu. Sisi wote tunalijua tangu shule ya musingi. Mwalimu anaandika maneno ya Kifaransa upande mumoja wa ubao, maana yake upande mwingine, na kesho yake kuna kuulizwa. Kwa wengi wetu vocabulaire ni hiyo: orodha ya maneno ya kushika kwa kichwa, na mwenye hakuyashika anapata sifuri.

Nataka kuonyesha kama neno hilo liko na sauti ndani yake, na kama katika inchi yetu ya shaba liko na historia nzito kupita ile ya ubao. Katika mwaka wa 1965, huko Élisabethville, watu waliokuwa maboi wa Wazungu walitoa historia ya muji wao, kwa Kiswahili chao, na wakaipa jina Vocabulaire. Haikuwa orodha ya maneno. Basi juu ya nini waliiita hivyo? Swali hilo njo lilinisukuma kuandika.

1. Sauti ndani ya neno

Warumi wa zamani waliita sauti vox. Kutoka vox walikuwa na kitenzi vocare, maana yake kuita. Na kutoka vocare walitengeneza vocabulum. Ile sehemu ya mwisho, -bulum, ilikuwa ya kuonyesha chombo ao mahali pa kufanyia jambo. Mufano ni stabulum, mahali pa nyama kusimama, kutoka stare, kusimama. Hapo Wafaransa walipata étable na Waingereza stable, zizi. Kwa hiyo vocabulum ni chombo cha kuitia.

Chombo gani kinatumika kwa kuita mutu ao kitu? Jina. Kwa Warumi vocabulum lilikuwa kwanza jina, kile chenye unatamka na mutu anageuka kukuangalia. Nyuma ya karne nyingi wasomi wa Ulaya walikusanya majina na maneno katika vitabu, wakaviita vocabularium. Kutoka hapo Wafaransa walipata vocabulaire katika karne ya 15, na Waingereza vocabulary katika karne ya 16.

Jamaa ya vox ni kubwa, na tunakaa nayo kila siku pasipo kuitambua. Convocation, ile karatasi ya polisi yenye inakukosesha usingizi, ni kuitwa. Révocation, ile barua yenye kila mufanyakazi wa Serikali anaogopa, ni kuitwa urudi nyuma, uache kiti. Vocation ni mwito, na hapa Kiswahili chetu kilifuata njia ile ile ya Kilatini pasipo kuiga: mwito unatoka kuita. Avocat ni advocatus, mutu mwenye ameitwa aje kusimama kando yako. (Lile tunda la avoka, apana. Lenyewe lilitoka Mexico, kwa watu wa Nahuatl walioliita ahuacatl. Wazungu walisikia vibaya, wakalivalisha kanzu ya mwanasheria.) Voyelle ni herufi ya sauti. Na voix yenyewe, siku ya uchaguzi, ni kura: CENI inahesabu sauti za watu. Waarabu nao, wenye walitupa neno sauti, wanatumia neno lao lile moja kwa sauti ya koo na kwa kura.

Sasa angalia jambo moja. Karibu maneno hayo yote yanahitaji watu wawili: mwenye kuita na mwenye kuitwa. Convocation haijiandike yenyewe. Kwa hiyo kila mara ukikutana na neno la jamaa hiyo, uliza: hapa nani anaita, na nani anaitika? Ni swali dogo, lakini ukilibeba mupaka katika historia ya Kongo, linafungua milango mingi.

2. Orodha za mabwana

Katika mwaka wa 1880, kule Bruxelles, Association Internationale Africaine, kile chama cha mufalme Léopold II, ilitoa kitabu cha daktari Dutrieux: Vocabulaire français-kisouahili. Angalia muzuri ule mwaka. État Indépendant du Congo ilitangazwa katika 1885. Kitabu cha maneno kilitangulia dola kwa miaka mitano. Wazungu waliopita njia ya mashariki, kutoka Zanzibar na Bagamoyo mupaka ziwa Tanganyika, walijua kama mbele ya bendera unahitaji kujua namna ya kuita wabeba-mizigo.

Nyuma yake vilikuja vitabu vingine vya namna hiyo: vya maofisa, vya mapadri, vya mainjinia na wake zao. Johannes Fabian, mwana-antropolojia, alivichunguza katika kitabu chake cha 1986, Language and Colonial Power, chenye kinaonyesha ginsi Wabelgiji walichukua Kiswahili na kukigeuza kuwa chombo cha kazi. Ukisoma uchunguzi huo, unatambua kitu kimoja haraka: amri zilikuwa na nafasi kubwa katika orodha zile. Leta. Beba. Fungua. Njoo hapa. Upande wa kushoto kichwa cha bwana, upande wa kuume masikio ya mutumishi. Majibu ya mutumishi hayakuhitaji nafasi kubwa, juu jibu lenye lilitazamiwa lilikuwa moja: ndiyo bwana.

Hapa kwetu mambo yalikuwa hivi. Watu wa upande huu walisema Kisanga, Kilunda, Kiluba, Kichokwe, Kindembo na luga zingine. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa katika 1906, na reli ikafika Élisabethville katika 1910, kutokea kusini, kwa Waingereza. Kwa hiyo wafanyakazi wengi wa kwanza walitoka Rhodesia na Nyasaland, na pamoja nao zikaja Kibemba na vipande vya Kiingereza. Jambo hilo halikuwapendeza Wabelgiji. Waliogopa inchi yao isiwe mukia wa Rhodesia. Nyuma ya vita ya kwanza ya dunia walianza kuleta wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, Ruanda na Urundi, na Kiswahili kikawa luga ya kazi, ya kambi na ya shule ya kambi. Watoto waliozaliwa ndani ya kambi hizo walikikuta nyumbani, wakakifanya luga ya mama. Ni hao babu zetu. Kiswahili chenye unatumia leo kwa kutongoza, kwa kulia kwenye kilio na kwa kununua bukari, kilipita kwanza mu orodha za amri.

Kutoka kusini, pamoja na reli, kulifika neno lingine fupi: boy. Kwa Kiingereza ni mutoto mwanaume. Kwetu likawa boi, na maana yake ikawa kazi: mupishi, mufuaji, mwenye kufagia, mwenye kulala mu boyerie nyuma ya parcelle ya bwana. Mutu wa miaka 45, mwenye muke na watoto sita, baba na mukubwa wa ukoo wake, alikuwa anaitwa boi kutoka barza na mutoto wa bwana mwenye miaka saba, na alipashwa kuitika mbio. Njo vocabulum katika maana yake ya kwanza: chombo cha kuitia. Mwenye kuita ndiye alichagua chombo.

3. Bei ya kupaza sauti

Na upande mwingine je? Walioitwa, wakijaribu kuita wao pia, ilikuwa namna gani?

Tuko na mufano wenye hatuna ruhusa ya kusahau. Mu Desemba 1941, wakati wa vita ya pili ya dunia, bei ya vitu ilikuwa imepanda na mushahara ulikuwa umebaki chini. Wafanyakazi wa Union Minière wakafanya grève. Tarehe 9 Desemba, huko Élisabethville, walikusanyika mu uwanja wa kandanda. Walikuwa wanaomba waongezewe mushahara. Askari wakapiga risasi juu yao, watu wengi wakakufa. Hesabu ya wafu inabishaniwa mupaka leo, na kubishaniwa huko kwenyewe kunaonyesha nani alishika kalamu ya kuhesabu.

Ninaleta habari hiyo juu moja. Wale wenye walikuwa wazima katika 1941, wenye walipika chakula cha maofisa siku ile na kuosha sahani zao kesho yake, walikuwa wangali wanaishi katika miaka ya 1960. Walisikia yote. Mutumishi wa nyumbani anasikia kila kitu, sababu bwana anamuhesabu kama kiti. Walikuwa na miaka mingi ya mambo ya kusema, na hakuna mutu aliyewauliza.

4. Yav na wenzake

Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 nyuma yake Katanga ikajitenga, na kujitenga kukamalizika mu Januari 1963. Wazungu wengi walikuwa wamekimbia, na maboi wengi wakabaki pasipo kazi, pasipo pension, na barua za sifa kutoka kwa mabwana zenye hazikuwa na kazi tena. Wamoja walijikusanya katika chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Élisabethville.

Kwa jina la watu hao, André Yav aliandika, na katika 1965 kitabu kidogo kikatoka: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kilipigwa na mashini ya kuandikia, kikazidishwa kwa namna ya bei chini, pasipo nyumba ya kuchapa vitabu na pasipo profesa wa kuandika dibaji. Ndani yake ni historia ya muji tangu mwanzo wake mupaka siku zile: kuja kwa Wazungu, kazi, mateso, namna maboi walivyoishi, namna walivyokula na kulipwa, mabwana waliopita na majina yenye watu weusi waliwapa.

Angalia tena tarehe. Katika 1966 serikali ya Mobutu ilibadilisha majina ya miji: Élisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi. Yav alitangulia kwa mwaka mumoja tu. Aliandika vocabulaire ya muji wakati jina la muji lilikuwa linakaribia kukufa. Hakujua, lakini leo tunaposoma tunaona kama alifika kwa saa yake.

5. Juu ya nini Vocabulaire?

Rafiki yangu mumoja, mwenye alisoma Kifaransa kunipita, aliniambia kama ninachimba mahali hakuna shaba. Kwake jambo ni rahisi: Yav alipenda neno kubwa la Kifaransa, akaliweka kwa juu kama vile mutu anavyovaa tai siku ya arusi. Hata ile "de ville de Elisabethville" inaonyesha kama Kifaransa hakikuwa luga yake.

Ninakubali kama inawezekana. Mutu hahitaji kujua Kilatini ili apende neno. Lakini jibu hilo linaacha kitu nje. Wale watu waliijua vocabulaire ya mabwana kupita sisi wote. Ilikuwa kitabu chenye bwana mugeni alishika mukononi siku ya kwanza, akikufungulia na kukutamkia vibaya neno la kukutuma maji. Kwa boi, vocabulaire haikuwa somo la shule. Ilikuwa kitabu cha kumuamuru. Kuchukua jina la kitabu hicho, na kuliweka juu ya historia yenye wameandika wenyewe, si sawa na kuvaa tai. Ni sawa na kuchukua kengele ya bwana, ile ya kuitia boi, na kuipiga wewe.

Tena kuna yale majina. Kila muzungu mwenye alikaa Kongo alipewa jina na watu, na mara nyingi yeye mwenyewe hakulijua. Mufano wenye kila mutoto wa shule anajua ni Stanley, aliyeitwa Bula Matari, mwenye kuvunja majiwe, na jina hilo nyuma likapita kwa Serikali yote. Majina kama hayo yalizaliwa njiani, mu kazi na mu jikoni. Mbele ya bwana ilikuwa ndiyo bwana. Jikoni, chungu kikichemka, bwana alikuwa na jina lingine, lenye kusema tumbo lake, hasira yake, ubahili wake. Kwa hiyo kulikuwa vocabulaire mbili ndani ya nyumba moja. Ile ya barza iliandikwa, ikachapwa Bruxelles, ikawekwa mu maktaba. Ile ya jikoni ilikuwa ya mudomo tu. Mu 1965 ile ya jikoni iliandikwa pia.

Njo vile ninasoma kichwa cha kitabu kile. Vocabulum ni jina lenye unaita nalo. Kwa miaka 50 watu hao waliitwa. Siku yenye waliandika, walianza kuita: muji, mabwana, wafu wao, na mambo kwa majina yake. Yav alifika kwa maana ya Kilatini pasipo kupita Roma.

6. Maandishi yenye yanaomba mudomo

Fabian tulimuacha katika 1986. Turudi kwake, juu bila yeye wengi wetu tusingejua Yav. Alikuja Katanga mara ya kwanza katika miaka ya 1960 kwa kuchunguza Jamaa, ile harakati ya Wakatoliki yenye ilizaliwa huku kwetu. Padri Placide Tempels, yule wa La Philosophie bantoue, aliianzisha pamoja na wafanyakazi na wake zao kwenye kambi ya Ruwe, pembeni ya Kolwezi, katika miaka ya 1950. Kwa hiyo masikio ya Fabian yalijifunza Kiswahili cha kambi, si cha Zanzibar. Katika 1990 alitoa andiko la Yav pamoja na tafsiri ya Kiingereza, katika kitabu History from Below.

Lakini kulikuwa tatizo. Yav aliandika kama anavyosema. Maneno yanashikamana pahali kanuni za shule zinayatenga, yanatengana pahali zinayaunganisha, alama za kupumzikia ni chache, na Kifaransa kinaingia na kutoka pasipo kubisha hodi. Ukilisoma kwa macho, unapotea. Dawa yenye ilipatikana ni ya zamani sana: lisomwe kwa sauti. Kalundi Mango, mwenye Kiswahili hicho kilikuwa chake, alilisoma kwa mudomo, sauti yake ikanaswa, na kutoka kwa sauti ile wakaliandika tena. Maandishi yalirudi kuwa vox, na hapo yakaeleweka.

Andiko hilo liko leo kwenye intaneti, katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu. Mimi nilijaribu dawa ileile. Nililisoma kwa simu yangu mbele ya muzee mumoja jirani yetu hapa Manika, mwenye alikuwa mupishi wa injinia mumoja katika kijana chake. Nilianza na sauti ya auditoire, ile ya kujibu profesa. Akanikatiza: "Mwana, usisome mbio hivyo. Ule muntu hakuandika ku masomo, aliandika ku kinywa." Nikasoma polepole, namna mama anavyosema. Akanyamaza muda murefu, kisha akaanza kutaja majina ya Wazungu wake mwenyewe, mumoja mumoja, na kila jina na kicheko chake. Jina moja halikuwa na kicheko. Sikumuuliza.

Hapo nilielewa jambo lenye sikulipata katika vitabu vya masomo. Andiko la Yav halikutoa habari tu kwa yule muzee. Lilimupa ruhusa ya kutoa yake.

7. Na sisi, nani anaandika vocabulaire yetu?

Sasa niseme juu ya nini nimewaletea ninyi habari hii, ninyi wenye muko na diplome.

Kolwezi ya leo iko na vocabulaire mupya, na haikuandikwa na wenyeji. Kati ya 2003 na 2004, Gécamines iliondoa wafanyakazi zaidi ya 10 000 kwa musaada wa pesa za Banque mondiale. Mupango ule uliitwa Départs Volontaires, kuondoka kwa mapenzi. Watu waliotiwa kwa hesabu hiyo walikuwa wamekaa miezi na miezi pasipo mushahara. Uliza nyumba yoyote ya hapa kama baba aliondoka kwa mapenzi. Utasikia neno lingine kabisa, na neno hilo halimo katika raporo yoyote.

Mufano mwingine, Kasulo. Katika 2014 udongo wa kobalti ulionekana chini ya parcelle za watu, na watu wakachimba mupaka ndani ya vyumba vya kulala. Katika 2017 sehemu ya mutaa ikafungwa kwa ukuta na familia zikahamishwa. Karatasi zinasema délocalisation. Ni neno safi, halina machozi, halina hata mutu ndani yake. Wenye walihama wanasema namna ingine, kwa Kiswahili, na Kiswahili chao kiko na watu: nani alikuja, saa ngapi, alisema nini, muti gani wa maembe ulibaki nyuma ya ukuta.

Na ni nani anasimama katikati ya vocabulaire hizo mbili? Ni sisi. Kampuni za migodi na mashirika zinaajiri wahitimu kwa kazi ya kuongea na watu wa mitaa. Kijana anakaa kwenye kikao, anasikia mama anasema dakika kumi kwa Kiswahili, kisha anaandika mustari mumoja kwa Kifaransa, na mara ingine mustari huo unaenda kugeuzwa tena katika Kiingereza ama Kichina. Dakika kumi za sauti zinakuwa neno moja: préoccupation. Sisemi kama kijana huyo ni mubaya. Anahitaji mushahara, na nafasi za kazi ni chache. Ninasema kama alifundishwa kuamini kwamba neno la mama si neno. Alifundishwa tangu ule ubao wa shule, pahali Kifaransa kilikuwa upande wa jibu na Kiswahili chetu kilikuwa upande wa kosa.

Wamoja watasema: Kiswahili chetu si bora, ni cha kuchanganya, Watanzania wanatucheka. Ni kweli kama wanatucheka. Yav alichanganya kutupita sisi, na andiko lake linasomwa na wanahistoria wa dunia nzima, kwa sababu linasema mambo yenye hakuna andiko la Kifaransa safi la miaka ile linasema. Sifundishi kuandika vibaya. Kiswahili sanifu ni mali, jifunze. Kifaransa ni mali, Kiingereza vilevile. Lakini kama unangoja kwanza luga yako itakate ndipo uandike kile muzee anajua, muzee hatangoja.

Hesabu wenyewe. Mutu aliyekuwa na miaka 20 siku ya uhuru alizaliwa katika 1940. Wenye wangali wazima ni wachache, na kila kilio kinapunguza. Wenye walikuwa vijana wakati wa vita ya Kolwezi ya Mei 1978 wenyewe wanaingia katika uzee. Wenye walipoteza kazi mu 2003 wako hapa, wanakaa kwenye viti mbele ya nyumba, na kila mumoja yuko na vocabulaire yake.

Kazi yenye ninaomba ni ndogo, haihitaji projet wala mufadhili. Chukua simu. Enda kwa muzee ao mama mumoja wa mutaa wako, mwenye anakujua, kwa heshima, na sukari kidogo kama uko nayo. Mupe neno moja tu: Gécamines, ao kambi, ao départ volontaire, ao creuseur, ao jina la mutaa lenye hakuna mutu anajua lilitoka wapi. Muache aseme, unase sauti yake kama anakubali. Kisha andika vile alivyosema, si vile ungependa aseme kwenye mémoire yako. Weka tarehe. Somea mbele yake kwa sauti ile umeandika, arekebishe. Kurasa mbili zinatosha.

Tukiwa wahitimu 30 wa kufanya vile kabla ya mwaka kumalizika, tutakuwa na kurasa 60 zenye hakuna maktaba iko nazo. Mimi nimeanza na yule mupishi jirani yangu. Neno lake la kwanza lilikuwa boi, na tuko bado ndani yake, juma la tatu sasa.